Umepata Nini?



Kila nikija Mombasa, na alhamdulillahi nimejaaliwa kuja mara kwa mara tangu nilipostaafu kazi ya kuendesha mabasi huko Nottingham, hapakosi jioni moja barazani ambapo mtu atanigeukia aniulize juu ya ile mashine yangu. Khabari zake huwa zimeshafika kabla yangu. "Twasikia wewe huko Uingereza watembea makondeni na mashine ya kutafuta dhahabu." Nami hujibu kuwa si mashine ya dhahabu, ni mashine ya misumari, na shaba, na risasi, na mara chache mno fedha. Hapo basi huja lile suali ambalo kila mtu huliuliza, mkubwa kwa mdogo: "Haya, umepata nini?"

Nikiwajibu kuwa mara ya mwisho nilipata misumari kumi na mmoja, kifungo cha koti na nusu ya kiatu cha farasi, hucheka mpaka wakashika mbavu, nami hucheka pamoja nao. Lakini suali lenyewe si la kuchekesha. Kwa ruhusa yako msomaji, nataka nilijibu hapa kwa kirefu kuliko niwezavyo kulijibu barazani, kwa sababu pana siku moja nilipata dhahabu kweli, na katika siku zote nilizotoka na mashine ile sijapata kuona iliyo mbaya kuliko hiyo.

Kwanza nikueleze mambo yenyewe yalivyo, maana wako wanaodhani ni uganga. Mashine ni fimbo nyepesi ambayo chini yake pana sahani ya duara, na ndani ya sahani umo waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Umeme wa betri ukipita katika waya ule hutoa nguvu ya sumaku ikashuka ardhini. Ikikuta kitu cha madini, kitu kile nacho hufanya umeme mdogo wa kwake, na umeme huo huirudishia sahani jawabu. Jawabu lile ndilo unalolisikia masikioni kama mlio. Chuma huguna. Shaba na fedha hulia kwa sauti ya juu. Baina ya hizo iko milio ya kudanganya, kwani karatasi ya sigara na kile kipete cha kufungulia mkebe wa soda huweza kulia sawasawa na pete ya dhahabu, wala hapana sikio la binadamu litakalokuhakikishia mpaka uchimbe uone kwa macho. Sarafu ndogo ikiwa imelala chini zaidi ya shubiri moja, aghalabu utapita juu yake usiisikie.

Basi kazi ni kutembea. Watembea polepole, sahani iko karibu kugusa ardhi, waipeleka kulia na kushoto kama mtu afyekaye majani, na kila mkono uingie kidogo juu ya uliotangulia usije ukaacha kipande. Ukisikia mlio wapiga magoti, wakata bonge la udongo kwa sepetu, walivunja kwa vidole, kisha wafukia tundu na kulikanyaga hata mwenye konde asijue kuwa ulipita. Takataka waondoka nazo. Wakati wake khasa ni baada ya ngano kuvunwa, Agosti na Septemba, kabla konde halijapandwa tena. Sheikh mmoja wetu aliniambia kuwa ni upuuzi mtupu. Sikubishana naye, ila nilimwambia kuwa daktari wangu wa moyo amefurahi sana.

Aliyenitia katika jambo hili ni jirani yangu, mzee wa Kiingereza aliyekuwa fundi wa reli. Mkewe alifariki mwaka ule tuliohamia mtaa wao, na mke wangu akawa akimpelekea sahani ya chakula kama tufanyavyo kwetu, na Ramadhani sambusa. Siku moja akarudisha sahani na ndani yake ameweka sarafu moja nyeusi, peni ya Malkia Victoria, akasema ameichimba mwenyewe. Nikaishika, nikamkumbuka bibi yangu Kuze aliyekuwa na pesa moja ya Seyyid Barghash, ile ya mwaka 1299 Hijria yenye picha ya mizani, akiifunga kwenye upindo wa leso yake. Nikamwambia mzee khabari ya bibi. Jumamosi ya pili nikawa makondeni.

Mzee huyu ana tabia ambayo mwanzo sikuifahamu. Siku moja aliinuka kutoka kwenye tundu akanipungia mkono kwa haraka, nikamkimbilia nikidhani amepata hazina. Mkononi mwake mlikuwa na kastabani ya mshonaji, imebonyea upande mmoja. Akaivaa kwenye ncha ya kidole, haikuingia, akasema, "Alikuwa na mkono mdogo." Basi hayo ndiyo yaliyomfurahisha kutwa nzima. Akanieleza kuwa vifungo na kastabani hufika makondeni kwa sababu zamani mataka ya mjini, pamoja na vyoo na matambara, yalichukuliwa kwa mikokoteni yakamwagwa mashambani kuwa samadi. Mwanamke akaipoteza kastabani yake mjini, akaitafuta chini ya mkeka wake, kumbe imeshakwenda na taka. Mama yangu alishona kofia maisha yake yote. Najua mwanamke akipoteza kastabani nyumba nzima hupata khabari.

Sasa, sheria za kule ni nyingi na nzuri, na nataka uzijue ili ufahamu kosa langu. Huingii konde la mtu ila kwa idhini yake. Mahali pa kale palipowekwa chini ya hifadhi ya serikali huruhusiwi kupeleka mashine bila idhini maalumu. Wako wanaokwenda usiku kuiba, Waingereza huwaita mwewe wa usiku, na watu wa heshima hawakai nao. Kwa sheria ya hazina ya mwaka 1996, ukipata kitu cha dhahabu au fedha chenye zaidi ya miaka 300 wapaswa kutoa khabari katika muda wa siku 14 kwa hakimu yule anayechunguza vifo vya ghafla, ambaye kwa mila ya nchi ile ndiye pia msikilizaji wa mambo ya hazina. Mwaka 2023 sheria ikapanuliwa iingize na vitu vingine vyenye thamani ya kihistoria. Majumba ya makumbusho yakikitaka kitu chako, hukilipia, na aghalabu malipo hugawanywa baina ya aliyeokota na mwenye ardhi. Na vile vitu ambavyo si hazina, uko mpango ulioanza mwaka 1997, unaosimamiwa na British Museum, wa kuviandikisha kwa hiari; vimeshaandikishwa zaidi ya milioni moja na nusu.

Maana ya kuandikisha ni kuwa kitu nusu ya thamani yake ni pale kilipolala. Nikupe mfano utakaokugusa. Mto Trent unaopita Nottingham hushuka mpaka kijiji kiitwacho Torksey, katika jimbo la Lincolnshire. Hapo jeshi la Waviking lilipiga kambi majira ya baridi ya mwaka 872 kuingia 873. Watu wenye mashine wameokota katika makonde yale vipande zaidi ya mia moja vya dirhamu, fedha za Kiislamu zenye maandishi ya Kiarabu, zilizofika kaskazini kwa mito ya Urusi kwa biashara, kisha zikakatwakatwa zipimwe kwa uzito. Kila kipande peke yake ni kama ukucha, hakinunui kitu. Lakini kwa kuwa waokotaji waliandika kila kimoja kilipotoka, wanazuoni waliweza kuijua kambi ilikuwa wapi na ukubwa wake. Mimi sijapata hata kimoja. Naomba nipate, japo sijui nitakifanyaje, maana katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii mali iliyozikwa ikiwa na alama ya Uislamu haihesabiwi kuwa rikazi ya watu wa Jahiliya. Hukmu yake ni ya kitu kilichopotezwa. Hayo nawaachia masheikh.

Na hapa niseme neno moja kwa vijana walioniomba niilete mashine Mombasa tukatembee nayo Jumba la Mtwana au Gedi. Hapana. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na urathi haimruhusu mtu kuchimba vitu vya kale bila leseni, na hata kama ingeruhusu nisingeileta. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wachimbaji wa elimu ya kale walifukua sarafu za fedha zaidi ya 2,000 za watawala wa pwani yetu wenyewe, wenye majina ya Kiislamu, pamoja na dinari chache za dhahabu. Kama zingeokotwa na kijana mmoja mmoja, leo zingekuwa heleni na vidani, na hapana ambaye angejua kuwa babu zetu wa zamani zile walipiga fedha yao wenyewe.

Turudi makondeni. Mzee wangu anapokunywa chai ana kisa kimoja asichochoka kukisimulia, nami sichoki kukisikia. Tarehe 16 Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne, jimbo la Suffolk, mkulima mmoja alipoteza nyundo yake kondeni. Akamwomba rafiki yake Eric Lawes, mtunza bustani aliyestaafu, aje na mashine aitafute. Lawes alipokuwa akitafuta nyundo akakuta sarafu, na sarafu, na vijiko vya fedha, na mkufu wa dhahabu. Alipoona kuwa jambo ni kubwa, akasita kuchimba. Aliacha sehemu kubwa ardhini akatoa khabari, na siku ya pili wataalamu wakaja wakaichimba hazina kwa utaratibu, ikiwa bado imepangika kama ilivyowekwa sandukuni na Warumi. Zilikuwa sarafu karibu 15,000 pamoja na vyombo kiasi cha mia mbili. Serikali ikamlipa pauni milioni moja na robo tatu, naye akagawana na mkulima. Na nyundo pia ilipatikana. Iko British Museum pamoja na hazina.

Mzee akifika hapo kwenye nyundo hupiga goti lake kwa furaha. Siku moja nami nikamsimulia ile hadithi sahihi aliyoipokea Abu Huraira, ya mtu aliyenunua ardhi akakuta ndani yake mtungi wa dhahabu, akampelekea aliyemuuzia akisema kuwa yeye kanunua ardhi wala hakununua dhahabu, na muuzaji akasema kuwa kauza ardhi na vilivyomo. Wakapelekana kwa hakimu, kila mmoja aikataa, naye hakimu akawauliza kama wana watoto, akamwozesha mvulana wa huyu msichana wa yule, mali ikatumiwa juu yao na nyingine ikatolewa sadaka. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema kuwa kule kwao mahakimu huwa na kazi nyingi kwa sababu ya kinyume chake.

Basi hayo yote niliyajua. Niliyajua vizuri Jumamosi moja ya Septemba mwaka 2021, nilipopiga magoti katika konde lililowahi kuwa la viazi, nikavunja bonge la udongo, na ndani yake mkawa na pete.

Dhahabu haina kutu, ndugu yangu. Kila kitu kingine hutoka ardhini kikiwa kimeliwa. Dhahabu hutoka kama iliyoanguka jana. Nilimtazama mzee. Alikuwa mbali, mgongo wake kwangu. Tulikuwa na mapatano na mwenye konde, yeye na sisi, kuwa kila kitu chaingia katika mkebe mmoja na jioni mkebe wafunguliwa mbele yake. Mimi nikaifuta pete kwa kidole gumba, nikaitia mfukoni.

Sitaki kujitetea, lakini nataka ujue nafsi hufanyaje kazi. Wiki ile ndugu yangu alikuwa amenipigia simu kuwa dari ya nyumba ya marehemu baba yetu, Mji wa Kale, imeanguka upande mmoja, boriti zimeliwa na mchwa, na dada yetu mjane na watoto wake wanalala chumba kimoja. Mkononi sikuwa na kitu. Na jana yake, Ijumaa, nilikuwa nimesoma Suratul Kahf. Basi wajua nafsi iliniambia nini? Iliniambia kuwa mja mwema yule aliyefuatana na Nabii Musa, ambaye masheikh wetu humwita Khidhr, alisimamisha ukuta kwa sababu ya hazina ya mayatima. Na mimi nina ukuta na nina mayatima. Tazama jinsi aya inavyoweza kupinduliwa! Ukuta ule ulisimamishwa bila ujira, ili mali ibaki ya wenyewe mpaka wakue waitoe. Mimi nilikuwa nimeshaitoa mali ya mtu na kuitia katika suruali yangu.

Jioni tulipofika kwenye lango, mzee akaniuliza kama anavyouliza siku zote, "Umepata chochote?"

Nikamjibu, "Misumari."

Neno moja tu. Akacheka, akanipiga bega, tukafungua mkebe mbele ya mkulima, mna misumari kweli, na mkulima akatupa mayai kumi na mawili. Nilichukua sita zangu.

Usiku ule nilianza kuitafutia pete jina. Nilijiambia kuwa ni rikazi, na kwamba Mtume (s.a.w.) ameiwekea rikazi khumsi, basi nitatoa sehemu moja katika tano na nne zilizobaki zitakuwa halali yangu. Nilikuwa sijaitazama hata vizuri. Nilikuwa nahofu kuitazama. Usiku wa pili nikaikumbuka ile kesi ya Leominster, iliyokuwa katika magazeti yote mwaka 2019: watu wawili walipata hazina ya wakati wa Waviking mwaka 2015, wakaificha, wakauza kidogo kidogo, sarafu zakisiwa kuwa zilikuwa mia tatu hivi na zilizoonekana ni 31 tu. Wakafungwa miaka mingi, na lau wangalisema tu wangalipata sehemu yao ya mali kubwa kwa haki. Mimi na mzee tuliwalaani pamoja watu wale. Nilikuwa nimesema maneno makali kuliko yake.

Siku ya nne mke wangu alikuwa akitoa vitu mifukoni kabla ya kufua. Akaja jikoni na pete kwenye kiganja.

"Bwana wee, hii ya nani?"

"Nimeiokota kondeni."

"Sikukuuliza umeipata wapi. Nimekuuliza ya nani."

Akaenda akaleta kioo chake cha kukuzia, anachosomea msahafu, akaiweka pete chini ya taa. Ndani yake mlikuwa na herufi mbili za majina ya watu, na pembeni yake alama za serikali. Pale Uingereza dhahabu hupigwa muhuri. Muhuri wa Birmingham ni nanga, na herufi iliyo karibu nayo hukwambia mwaka. Tuliutafuta mwaka ule katika kitabu cha mzee nilichokuwa nimeazima. Ulikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na kitu. Mke wangu hakusema neno. Pete yenye umri wa kaka yangu mkubwa si rikazi ya mtu yeyote. Ni pete ya mwanamke, huenda yu hai, na hukmu yake naijua tangu chuoni: ukijue kitu na alama zake, ukitangaze mwaka mzima, na mwenyewe akija umpe. Na sheria ya Kiingereza nayo humwita mwizi yule aokotaye kitu na asimtafute mwenyewe ilhali aweza kumpata.

Nilibisha hodi kwa mzee baada ya Maghribi. Nikaiweka pete juu ya meza yake, nikasema, "Hii niliipata Jumamosi. Nilikwambia misumari." Aliitazama pete kidogo, akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi. Sikumwambia khabari ya dari. Nilikuwa nimeitayarisha njiani, nikaona aibu kuitoa. Alisema tu, "Kesho saa tatu, tutakwenda kwa mwenye konde," akainuka akanifungulia mlango.

Garini hakunena. Mkulima ndiye aliyefurahi. Hakuona ajabu yoyote ya kuletewa pete siku ya tano, au kama aliona hakuonyesha. Akampigia simu mama yake mzee, na yule bibi, bila hata kuulizwa mara ya pili, akasema jina la mwanamke. Alikumbuka kuwa konde lile, miaka ya nyuma, wanawake wa kijijini waliajiriwa kuvuna viazi wakati wa baridi, na siku moja vidole vya mmoja wao vilisinyaa kwa baridi pete ikamtoka, na wanawake wote wakaacha kazi wakachambua udongo mpaka giza likaingia. Mwanamke mwenyewe alikuwa ameshakufa. Binti yake alikaa kijiji cha pili.

Binti huyo, naye ni mtu mzima wa miaka sitini na zaidi, alikuja siku ileile. Tulikaa jikoni kwa mkulima. Akaivaa, ikamwenea, akaivua akaisoma zile herufi. Akatueleza kuwa mama yake hakumwambia mumewe. Alinunua pete ya shaba sokoni kwa peni kadhaa, akaivaa mpaka kidole kikawa kijani, akawa akipaka krimu kukificha, na mume akafa kabla yake asiseme neno, ama hakujua au alijua akanyamaza. Alipokuwa mgonjwa ndipo alipomwambia binti, akamwusia asizikwe na ile ya shaba.

Alitaka kutupa pauni hamsini. Tulizikataa, na naomba uniamini kuwa wakati nikizikataa dari ya baba ilikuwa wazi bado. Ilikuja ikaezekwa baada ya mwaka mzima, kwa michango ya ndugu, mia mbili huku na mia tatu kule, kama ilivyo kawaida yetu. Yule mama alinishika mkono kwa mikono yake miwili akanishukuru. Mzee alikuwa amesimama nyuma yake, akitazama nje ya dirisha.

Jumamosi iliyofuata nililisikia gari lake likiondoka asubuhi. Sikuitwa. Na Jumamosi ya pili vilevile. Mke wangu aliendelea kumpelekea sahani, naye aliendelea kuzirudisha zimeoshwa, bila kitu ndani. Katika majuma yale mawili ndipo nilipojua, msomaji, kuwa nilikuwa sijawahi kutoka kwenda kutafuta dhahabu. Nilikuwa nikitoka kwenda kutembea na mtu ambaye nikimwambia "misumari" huamini ni misumari. Miaka mitatu nilikuwa nimerudi na kitu kile kila Jumamosi, nisikihesabu.

Jumamosi ya tatu alibisha hodi. Hakuingia. Alisema ng'ambo ya mto wamemaliza kuvuna, na kama nataka kuja nilete chai, maana chupa yake imepasuka.

Tulitembea kutwa. Adhuhuri nilitandika mswala wangu kwenye ukingo wa konde, naye akaizima mashine yake mpaka nilipotoa salamu, kama alivyozoea. Konde lilikuwa baya, limejaa vipande vya mabati na karatasi za sigara, na mvua ikatunyeshea alasiri. Jioni tulipofika langoni, kabla hajafungua mdomo nikageuza mifuko yote ya koti na ya suruali nje, ikaning'inia kama masikio ya mbuzi, na udongo ukamwagika. Akasema hakuna haja ya mambo hayo. Nikamwambia iko haja. Akatazama mbali kidogo, kisha naye akageuza yake. Ilitoka kamba, peremende mbili, na kalamu ya risasi. Tukafungua mkebe mbele ya mwenye konde: misumari tisa, kifungo kimoja cha shaba, na risasi ya bunduki ya zamani iliyopondeka.

Mwenye konde akauliza kama tumepata chochote. Mzee akasema, "Siku njema sana," akaniomba nimmiminie chai iliyobaki.